Nilivyomwita Bosco Msibani

Cloonbrack,
Kaunti ya Mayo,
Ayalandi.
23 Juni 2019

Mpendwa kaka yangu Fintan,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta salama huko Perth, wewe na wifi yangu Noreen. Goti linaendeleaje baada ya operesheni? Mwambie daktari wako kwamba nakutaja kwenye rozari kila siku, kwa hiyo asijisifu peke yake. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Colman anakata majani ya ng'ombe wiki hii, mvua ikimruhusu.

Mwili ndio mzima, ndugu yangu. Moyo umekuwa mzito tangu Mei, na nataka uyasikie haya kwangu kabla binamu zetu hawajakupigia simu.

Unajua Dervla wangu yuko mwaka wa tatu, anasomea saikolojia. Mwaka huu amefanya mafunzo ya vitendo kwenye shirika la hisani linalofundisha mbwa wa kuwasaidia wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea waliopewa mbwa, kuwauliza wamelalaje, wametoka nje mara ngapi, na kujaza fomu. Kabla ya hapo alikuwa akijitolea tu kwao, na ndiye aliyenishawishi nilee mtoto wa mbwa. Desturi yao ni hiyo: mbwa akiwa mdogo hulelewa nyumbani kwa watu, kisha hurudishwa kufundishwa kazi. Nikaletewa Bosco. Nililipenda jina, kwa kuwa ni la mtakatifu.

Nilikaa naye miezi kumi na minne. Tukisali rozari alilala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu changu. Siku ya kumrudisha nililia njia nzima, mpaka Colman akasema, "Mama Dervla, hata mimi nikifa hutalia hivi."

Februari wakampa Malachy Tansey. Ndiyo, Malachy yuleyule mliyekuwa naye jeshini Lebanoni, mkilinda amani. Wewe ulirudi ukaoa, ukahama. Yeye alirudi akajifungia. Hawezi kuvumilia mtu nyuma ya mgongo wake, na kwa miaka mingi hakukanyaga kanisani wala dukani. Bosco alifundishwa kusimama nyuma yake penye watu. Malachy hunyoosha mkono nyuma, akigusa manyoya anajua yuko salama.

Shirika lilisita kumpa, maana anaishi karibu mno nasi, na sheria yao ni kwamba aliyemlea mbwa asionane naye miezi sita, mpaka amzoee bwana wake mpya. Dervla ndiye aliyemwombea. Aliwaambia wakubwa wake, "Mama yangu namjua. Atajizuia." Kisha akaja akanikalisha jikoni.

"Mama, ukimwona, geuka. Usimwite, wala usimtazame machoni."

"Mwanangu, nimefunga Kwaresima arobaini," nikamwambia. "Nitashindwa na mbwa?"

Mei akafariki Bibi Scahill, mwalimu aliyetufundisha sote. Mwili ukalazwa sebuleni kwake, nasi tukapanga foleni kutoka getini kwenda kuwapa wafiwa mkono. Nilipoinua macho nikamwona Malachy, watu watatu mbele yangu. Malachy, kwenye foleni ya msiba! Nyuma yake alisimama Bosco na kizibao chake cha buluu.

Ningeweza kutoka. Sikutoka. Tulipokwisha kuingia sebuleni nikalitamka jina lake chini kwa chini, kama mtu anavyosema amina.

Akageuka. Aliuacha mgongo wa Malachy, akapenya katikati ya miguu ya watu, akaja akakalia viatu vyangu. Francie Gannon, unamjua hachagui mahali pa mzaha, akapaza sauti, "Malachy, mbwa wako kapata mwingine!" Watu wakacheka. Francie akasogea kuziba nafasi. Malachy akanyoosha mkono nyuma, na badala ya manyoya akashika koti la mtu.

Sitakuandikia yote. Alipiga yowe, akajitupa chini kando ya jeneza, mikono kichwani, vikombe vya chai vikimmwagikia. Alipoinuka hakumtazama mtu. Alikwenda zake kwa miguu. Mbwa akabaki nami.

Dervla alikuja kumchukua. "Mama, ulimwita?"

Nikasema, "Hapana. Alikuja mwenyewe."

Fintan, nilimdanganya mtoto wangu. Naye akaniamini, akaandika kwenye fomu kwamba Bosco aliacha kazi bila kuitwa. Mbwa wa namna hiyo hutolewa kazini kabisa. Na desturi yao, mbwa aliyeshindwa hupewa kwanza aliyemlea, abaki wake. Wakanipigia simu: je, nitapenda kumchukua? Ona shetani anavyojua kutega. Nikawaambia nipeni siku tatu, nikampangia hata mahali pa kulala.

Siku ya tatu, Jumamosi, nikaenda kuungama. Padre Kilbane akaniondolea dhambi, kisha akasema, "Mungu amekusamehe, Attracta. Lakini aliyebaki bila mbwa si Mungu."

Nikawapigia shirika nikawaambia ukweli, halafu nikampigia Dervla. Akasema, "Na mimi niliwaambia nakujua." Basi. Afadhali angenitukana.

Wamemwondoa kwenye kutembelea watu. Anamalizia mafunzo yake kwa kuosha vibanda vya mbwa, na sijui chuo kitampa alama gani. Hunipigia kila Jumapili, tukaongea habari za mvua.

Bosco wakakubali kumrudisha kwa Malachy, kwa sharti kwamba mwaka mzima nisiwe mahali alipo. Malachy alipoelezwa akakataa. Alimwambia Padre, "Simfukuzi mwanamke kanisani kwa ajili ya mbwa. Mimi nimezoea kukaa ndani."

Sikumngoja abadili mawazo. Nilianza kusali Kilmoran, parokia ya pili, nikamtuma Padre amwambie kwamba nafasi yangu iko wazi tayari, akitaka asitake. Huko sijui jina la yeyote aliye kwenye benchi langu. Wiki mbili zikapita. Wiki ya tatu akamchukua mbwa. Na Jumapili iliyopita Colman alirudi kutoka misa akasema Malachy alipanga foleni ya komunyo, Bosco nyuma yake.

"Amenenepa?" nikauliza.

"Mbwa sikumwangalia," Colman akajibu. "Nilimwangalia Malachy."

Mwezi ujao ni Jumapili ya Makaburi. Kila familia itasimama kwenye kaburi lake, Padre akipita kuyabariki. Malachy ana mama yake pale. Kwenye kaburi la Baba na Mama atasimama Colman peke yake, na watu watasema. Ukiulizwa, sasa unajua.

Jumatano nilikwenda nikaliosha jiwe, nikapanda maua, nikamweleza Mama sababu. Unamkumbuka, hakuruhusu mbwa avuke kizingiti. Nilikaa pale mpaka mvua ikanilowesha, na sijui kama alinielewa.

Nisalimie sana Noreen, na Cathal na Una na wajukuu. Colman anakusalimu. Kama mkono wako bado unaweza kalamu, mwandikie Malachy mistari miwili. Wewe hujawahi kuuliza habari zake, lakini yeye huuliza zako. Mungu akufunike wewe na nyumba yako huko mbali. Na ukipiga magoti, kama goti linakubali, mwombee Dervla apate alama yake, na mimi uniombee anifungulie tena moyo wake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa dhati,
Attracta