Sinia ya Iqbal na Mchezaji Mkongwe

Dada Mwende,

Salamu kutoka mtaani Al Nahda, huku ughaibuni, ambako ukifungua dirisha ni kama umefungua tanuri. Naishi na Wapakistani wagonjwa wa kriketi. Mechi moja siku tano, na wachezaji husimama kunywa chai! Wewe ungeipenda.

Ijumaa tulikaa sakafuni, sote kwenye sinia moja ya biriani, wenzangu wakibishania mchezaji wao mkongwe ambaye msimu huu mpira unamshinda. Saleem, mmoja wao, akasema, "Khalas, basi, aachwe! Naye uwanjani, India watatumaliza." Iqbal, dereva wa teksi anayetupikia, akawaka: "Mtu hatupwi kwa sababu amepata kipindi kibaya!" Huku akifoka, mkono wake ukasukuma nyama yake hadi upande wangu wa sinia. Unajua sikuwa na kazi tangu hoteli yetu ifungwe. Saleem akasukuma yake pia.

Jana timu ilitangazwa, mkongwe akaachwa. Iqbal amenuna mpaka leo. Lakini mimi nimepata kazi mtaa wa Al Barsha, na nyama ya Ijumaa hii nanunua mimi.

Ukipiga magoti usiku, dada, mtaje Iqbal kabla yangu.

Nduguyo,
Mutiso