Kiti cha Mstari wa Mbele

Ghorofani kwa kinyozi,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu ule upasuaji? Umeanza kupanda ngazi, au bado Mjomba anakuletea chai kitandani nawe unajifanya unaumwa? Sisi wawili tu wazima, na mimi nimenenepa kwa furaha.

Nikianza kumsifu mume wangu karatasi haitatosha. Duka lake la kutengeneza redio ni mlango wa nne tu kutoka hapa, lakini kila asubuhi akifika mlangoni anageuka kunipungia mkono kana kwamba anasafiri. Nami nasimama dirishani, mswaki mdomoni, nampungia. Kinyozi anatutazama na kutikisa kichwa.

Lakini Shangazi, wiki mbili sasa hupokei simu zangu. Dada ameniambia umeitazama video ya harusi ukasema, "Yule kijana kanitaja, ukumbi mzima ukanicheka." Nililia. Mume wangu ndiye kaumia zaidi. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kujua.

Naomba nikueleze. Kuna mwimbaji maarufu wa huku, mwanamke wa miwani mikubwa. Mwezi mmoja kabla ya harusi yetu aliimba uwanjani mvua ikinyesha. Alitaka kuwashukuru waliovumilia, ulimi ukateleza: "Nawapenda nyote, hasa ambao hamkuja." Yeye mwenyewe akaangua kicheko. Redio zilirudia wiki nzima, na pale dukani redio kumi huongea kwa pamoja. Sasa maneno hayo yako midomoni mwa kila mtu. Mwalimu jirani akiita majina na mtoto mmoja hayupo, darasa zima linaitikia, "Hasa ambao hamkuja." Kinyozi naye, wateja wakiadimika, anakung'uta taulo na kuviambia viti vyake hivyo hivyo.

Basi mume wangu aliposimama kuzungumza harusini alisema wewe ndiwe uliyenilea na kunifundisha kusoma, na kwamba umeshindwa kusafiri. Halafu akamalizia, "Nawapenda nyote, hasa ambao hamkuja." Watu walimcheka yule mwimbaji, Shangazi, si wewe. Hebu itazame tena video. Mume wangu hakucheka.

Mpiga video hakukuonyesha alichokuwa anakitazama. Mstari wa mbele kabisa mume wangu alikuwa ameweka kiti, na juu yake picha yako ile uliyovaa gauni la bluu. Hata mama yake alipotaka kuweka mkoba hapo alimzuia: "Hapa pana mtu, Mama." Nimekuwekea picha ya kiti hicho ndani ya bahasha, ujionee.

Jumapili ijayo saa kumi jioni atakupigia yeye mwenyewe. Amekariri maneno yake, na hakuna hata moja aliloazima kwa mwimbaji. Pokea, hata kama ni kumgombeza. Anasema yuko tayari kugombezwa na mkwe wake hadi simu iishe chaji.

Msalimie Mjomba, Dada na binamu zangu wote, hasa yule mvivu wa kuandika. Mungu auimarishe mguu wako ukulete kwetu. Kiti tumekihamishia hapa nyumbani, kando ya dirisha, na hakuna anayekikalia.

Ni mimi nikupendaye tangu herufi ya kwanza,
Kidomo wako