Mfuko Uliozikwa Bomani

Kitengela, 3 Februari 2025

Yeyo, mama yangu mpendwa,
Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Na lile goti lako, na mbuzi? Nimempa Parsaoti wa lori la mifugo mfuko mmoja wa kuoteshea miche akuletee, kutoka dukani ninakouza. Kibandiko kinasema: "Rafiki wa mazingira. Huoza ardhini. Panda bila kuutoa." Kikundi chenu cha akina mama kikinunua mifuko elfu mbili, nitafanywa msimamizi wa duka. Waambie akina mama ni mimi nimesema.
Binti yako, Seleyian

Kajiado, 9 Februari

Seleyian wangu,
Sopa? Goti linasumbua asubuhi tu, mbuzi wamenona. Mfuko nimeuvuta kwa meno, ni mgumu kweli! Unaoza baada ya muda gani? Nani aliuona ukioza? Akina mama sijawaambia, maana wataamini jina lako, si kibandiko. Nimeuzika kwenye samadi ya boma pamoja na kipande cha ngozi ya mbuzi. Tuone nani ataisha kwanza. Usinune.
Yeyo

Kitengela, 2 Machi

Yeyo,
Hamjambo huko? Mimi mzima. Nilinuna siku mbili, halafu swali lako likaanza kuniwasha. Nilimwuliza bosi, Githinji, karatasi ya vipimo vya kuoza iko wapi. Akacheka: "Wewe uza tu." Nikapigia kiwanda. Dada mmoja akasema unaoza "mazingira yakiruhusu". Mazingira gani? Akakata simu. Sasa mteja akiuliza, naona aibu kumtazama.
Binti yako

Kajiado, 20 Juni

Mwanangu,
Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Mvua imekwisha, nimefukua mbele ya akina mama. Ngozi haipo. Mfuko nimeuosha, nakutumia. Kibandiko bado kinasomeka. Tutaendelea kuotesha miche kwenye pakiti zetu za maziwa, tunazitoa wakati wa kupanda na kuzitumia tena. Hizo hazijawahi kujisifu. Najua ulikitaka hicho cheo, na roho inaniuma.
Yeyo

Kitengela, 26 Juni

Yeyo wangu,
Shikamoo. Niko salama. Mfuko wako niliuweka kaunta, kando ya mpya. Mkulima wa Illasit aliyekuja kuchukua mifuko mia tano akauliza, "Huu umekaa chini muda gani?" Nikamwambia msimu mzima wa mvua, kwenye samadi ya mama yangu. Akaondoka bila hata mmoja. Picha za mfuko huo nimezipeleka kwa ofisi inayolinda wanunuzi, sijui kama watajibu. Githinji aliniambia nichague: mfuko utoke, au nitoke mimi.

Tumetoka sote wawili. Jumamosi naja na Parsaoti. Nibakizie mche mmoja nipande.
Binti yako, Seleyian