Siku Zuhura Alipokataa Uji

Jumanne, 16 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Baraza imejaa matope, watoto wameingia bila kufuta miguu. Hesabu za sehemu, kisha kusoma kwa sauti, kisha uji. Ratiba ile ile tangu nilipostaafu ualimu nikaanza kuwakusanya hapa nyumbani baada ya shule. Majirani wa Makorora walidhani nimechoka kukaa peke yangu. Hawakukosea.

Zuhura wa darasa la saba hakunywa uji. Kikombe kimepoa mbele yake. Nikauliza, kwa sauti yangu ya darasani, amefunga nini wakati Ramadhani imekwisha. Akainamisha kichwa. Bakari akamjibia: "Analipa huyo, Mwalimu. Kavunja ungo." Wavulana wakacheka mpaka wakalala mkekani.

Nimemtoa Bakari nje. Kwa Zuhura nilikuwa nimechelewa. Alikuwa keshachukua mkoba wake na kuondoka.

Jumatano, 17 Aprili

Zuhura hakuja.

Mimi ni Msambaa, Mlutheri, lakini nimeishi na Waislamu nusu ya maisha yangu. Najua msichana akiwa katika siku zake hafungi, na siku hizo huzilipa baada ya Idi. Najua pia kwamba jambo hilo halitangazwi. Jana pia nilijua. Mdomo ulitangulia. Nimejichukia kutwa nzima, na nimewafokea watoto wasio na kosa.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuja tena. Neema, rafiki yake, mtoto wa Kikatoliki ambaye babu yake aliletwa na mashamba ya mkonge, anasema shuleni Zuhura anakwenda, ila kengele ikilia ni moja kwa moja nyumbani. Bibi yake amekataza. Mwari hazururi. Baraza yangu sasa imekuwa kuzurura.

Kwao ni chumba kimoja, wadogo zake watatu, na redio ya jirani ukutani. Hapo hasomi mtu. Mwaka jana alikuwa anasoma neno moja moja kwa kidole. Sasa ndiye anayewasomea wadogo hapa, na kuwakemea kama mimi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Akifeli, ndiyo basi. Ataozwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa bibi yake, Bi Mwanahamisi. Shikamoo, marahaba, mkeka. Alikuwa anasuka ukili. Nimeomba radhi. Kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kuombwa.

"Umenianikia mtoto mbele ya wanaume," akasema.

Nikasema ni watoto tu wale. Kosa la pili.

"Watoto wana mama zao, Mwalimu. Na mama zao wana midomo."

Nikaacha kujitetea. Nikamweleza habari za kusoma, za mtihani, jinsi mtoto alivyobadilika. Hakuinua macho kwenye ukili. Zuhura alikuwa uani anaosha sufuria moja muda wote huo. Nikaomba arudi. "Nimekusikia," akasema bibi. Hiyo si ndiyo. Nimerudi nimelowa, nimeudhika.

Jumanne, 23 Aprili

Watoto wachache. Alasiri nimemwona Bi Mwanahamisi na mwavuli wake, anatoka mlango huu anaingia ule. Nyumba zote zile ni za wasichana wangu. Anawatoa wote, nikajua.

Jumatano, 24 Aprili

Wavulana watupu. Hata Neema hakuja. Nimefundisha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukaa mbele yao. Nina hasira na bibi yule. Nina hasira zaidi na mimi. Nimewaza kufunga baraza nirudi Lushoto kwa dada yangu, nikalime kabichi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua imekatika. Wamekuja wasichana wote kwa pamoja, Zuhura katikati yao, ushungi umefungwa vizuri. Nimejifanya natafuta chaki.

Wakati wa uji wamekataa wote. Hata wa darasa la tatu, ambao wakifunga kwa kawaida hawafiki adhuhuri. Mmoja wao akaninong'oneza: jana Bi Mwanahamisi aliwaita kwake. Alikwisha kuzungumza na mama zao. Wanafunga pamoja siku sita za Shawali, mwezi huu unaofuata Ramadhani, funga ya sunna. Hivyo hakuna atakayejua nani anafunga sunna na nani analipa.

Wavulana wamekunywa kimya. Bakari hakuinua uso. Nadhani mama yake ameshughulika naye. Zuhura amewasomea wadogo. Sauti ndogo mwanzoni, kisha ile ya kawaida, na kukemea kukarudi.

Nilipofika kwa Neema na kikombe, akakifunika kwa kiganja. "Nimefunga, Mwalimu."

Sikumuuliza amefunga nini. Nikapita kwa anayefuata.