Dawa Zikae Mkononi, Papa

Papa wangu,

Mama anasafiri kesho kwenda Kinshasa, kwenye hospitali ileile uliyokuwa unakwenda wewe. Moyo wake umeanza kumsumbua kama wako. Ninampangia mkoba hapa sebuleni, na kila ninachoshika nakusikia wewe.

Ni wewe uliyenifundisha kupanda ndege. Nilipokuwa nakwenda masomoni, tuliondoka hapa mtaani kwetu Makiso kungali giza, pikipiki mbili, valizi yangu ya nguo mapajani mwako. Nilinuna njia nzima. Nilikwambia tutawakuta hata walinzi wa uwanja wa ndege wamelala. Ukacheka: "Ndege haina haya, itakuacha." Jana yake ulishanilazimisha kupiga simu kuhakikisha saa haijabadilishwa. Ulichana kitenge cha Mama, ukafunga kipande kwenye mpini wa valizi ili mtu asiichukue akidhani ni yake. "Na dawa inakaa mukononi. Valizi inaweza kubakia." Dawa gani? Nilikuwa na vidonge vya malaria tu! Nilivishika mkononi hadi Kinshasa.

Halafu ikafika zamu yako. Unavyotujua: ikisikika kwamba mtu anapanda ndege, mtaa mzima unamletea vifurushi vya watoto wao walioko kule. Mama Asha wa nyumba ya pili alileta samaki wa kukaushwa kutoka Basoko.

"Papa, iko kidogo tu, ya mutoto wangu."

"Bon, leta."

Akaja mwingine, na mwingine. Mkoba wa mkononi ukajaa. Ukatoa dawa zako za moyo, ukazitia kwenye valizi. Nilikukumbusha maneno yako mwenyewe. Ukaniambia niache, watu watasema nini.

Ndege ilizidiwa uzito, wakashusha mizigo, valizi yako ikabaki. Kule ukaambiwa itafika kesho. Kesho yake ukaambiwa kesho. Tonton, mdogo wako aliyekupokea, alitaka kukununulia dawa nyingine, ukakataa, eti valizi iko njiani. Lo, Papa! Samaki wote waliwafikia wenyewe. Valizi ilifika wewe ukiwa mochwari, kipande cha kitenge bado kimefungwa vizuri kwenye mpini.

Nina hasira nawe. Nimekulilia na bado nina hasira, na sina wa kumwambia nyumba hii.

Leo mchana Mama Asha amekuja tena, kifurushi mkononi. Mama alishanyoosha mkono apokee. Nikasimama katikati yao.

"Hapana, Mama Asha."

"Papa yako hangenikatalia."

"Ndiyo maana hayuko."

Aliondoka akilia. Sikupenda kumliza, hata siku ile ya samaki hakuwa na nia mbaya. Tangu hapo Mama hasemi nami. Amekaa kitini na mkoba mapajani, dawa zimo ndani, na nikimsogelea anageuza uso. Anaona nimeliaibisha jina lako mtaani. Labda nimeliaibisha kweli. Akirudi mzima nitakwenda kumwomba Mama Asha radhi, hata kwa magoti.

Nina ombi moja tu, Papa. Ulikuwa hukosi kwenda kumpokea mtu wako akitoka safari, hata mvua inyeshe namna gani. Safari hii usije. Mama usimpokee. Mwache anirudie.

Ni mimi,
kifungua mimba wako