Mpini wa Bastola Uliokataliwa Ulikuwa Wangu

Kwamboka mwanangu,

Natumai mkono hauumi huko kambini. Huku Keumbu tuko salama, mvua ipo, na ng'ombe amezaa ndama jike. Naandika kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe hatuongei Kiswahili nyumbani, kwa sababu nataka wenzako wa timu ya shabaha wasome, na mwalimu wenu pia. Ukiona aibu, mpe mwingine asome. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hivyo pale nimekosea mnivumilie.

Unakumbuka ulivyokuja likizo na kile kitu umekifunga kwa sweta. Nilidhani umeniletea bastola nyumbani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Ukacheka. "Mama, bastola haitoki kambini. Huu ni mpini tu, nimeufungua skrubu." Ukanieleza ni bastola ya upepo, inapiga kirisasi kidogo kama punje ya mtama kwenye karatasi, na kwamba mpini unakusugua pale penye kovu la kiganja. Mwalimu alikuruhusu uuchonge, mradi ufuate sheria.

Hilo kovu nalijua kuliko wewe. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilitoka kumwita baba yako aje anywe uji, nikaacha sufuria chini. Mpaka leo nikipika uji sitoki jikoni.

Basi tukakaa nje, karibu na mipini ya jembe ninayouza sokoni. Nikachukua kipande cha chupa, nikawa nakwangua kama marehemu baba yako alivyonifundisha. Wewe unashika, unanirudishia. "Bado, mama. Hapo kwa kidole gumba." Ulinionyesha kile kibao cha chini, mahali kiganja kinapokalia. Ukasema kiwe sawa kama meza, ukingo usipinde kwenda juu. Mkono ndio unashika mpini, mpini haufai kuushika mkono.

Nikauliza, "Na nani atajua?"

Ukasema kuna meza ya ukaguzi. Wanaiingiza bastola kwenye kisanduku waone kama inatosha. Wananing'iniza uzito wa nusu kilo kwenye kifyatulio waone kama hakijalegezwa. Wanaangalia kama kifundo cha mkono kiko huru. Mama Achieng', jirani yetu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amesimama hapo na karai lake. Akasema, "Mimi nimelima miaka yote na hakuna mtu amewahi kukagua jembe langu." Ukacheka sana siku hiyo.

Sasa sikiliza, na wenzako wasikie. Siku moja kabla uondoke, ulienda mjini kununua sabuni. Mimi nikabaki na mpini. Nikauangalia nikaona umebaki uchi. Mpini wa jembe huwa tunauacha uvimbe kidogo mwishoni ili usichomoke mkononi. Nikafikiria mkono wako, na lile kovu, na watu wanakutazama. Nikachanganya unga wa mbao na gundi ya seremala, nikainua ukingo wa kile kibao, upana wa kidole kimoja tu, ukapinda juu kama ukingo wa sahani. Nikauanika juani, nikapiga msasa, nikaufunga kwa leso yangu na kuuweka chini kabisa ya begi lako. Ulikuwa umenieleza. Nilisikia vizuri, nikafanya.

Ulipopiga simu ulisema uliona pameinuka, lakini ulijua mama ameambiwa sheria, ukadhani bado pako sawa. Mezani wakaweka rula, wakaukataa. Mpini mwingine hukuwa nao. Wakakuuliza nani ameutengeneza. Ukasema, "Ni mimi."

Halafu wenzako wakaanza kukuita Mkora wa Mpini. Uliniambia ukicheka, lakini mimi najua kicheko chako. Na mwalimu amesema kabla ya kuchagua wa kwenda mashindano atafikiria kama wewe ni mtu wa kuaminika. Tangu hapo hujapiga simu. Ule mpini ulifika kwa parseli, umefungwa kwa leso ileile, bila hata karatasi ndani.

Mwalimu wa Kwamboka, huyu mtoto hakudanganya ila mara moja, pale aliposema ni yeye. Mpini ni wangu na ukingo ni wangu.

Ile karatasi ya sheria uliyokuwa umenitumia kwa simu nilienda nikachapishiwa pale sokoni. Mama Achieng' akanisomea mara mbili, akisimama kuuza omena halafu anaendelea. Nilikuwa nadhani kuukataa mpini ni roho mbaya ya watu wa mezani. Sasa naona kama kila mama angeinua ukingo kidogo, mwishowe bastola zingekuwa zinajishika zenyewe na nyinyi mmekaa tu.

Nimekata ukingo wote kwa msumeno. Nimepiga tupa, halafu msasa. Nimeazima rula ya pembe ya mtoto wa Mama Achieng', nimepima pande zote, na kile kibao kimelala sawa. Pale kovu linapogusa sikuongeza kitu tena. Nimekwangua tu kishimo kidogo kwa chupa, kovu likalie humo. Karatasi haikatazi kupunguza hapo, lakini usiniamini mimi. Uulize kwanza.

Leso nayo nimeirudisha, ni yako. Kula vizuri. Ukiona simu yangu, hata kama bado una hasira, shika niseme tu hujambo.

Mpini ukifika, ufunge skrubu na uende nao moja kwa moja kwenye ile meza kabla hujaupenda. Na wakikuuliza tena nani ameutengeneza, nitaje.

Ni mimi mama yako,
muuza mipini wa Keumbu.