Kwa Rehema, Aliyesafisha Mto Wetu Akiwa Morogoro

Rehema,

Dada yako Mwanaidi ndiye aliniambia. Nilikuwa kazini, pale duka la dawa za mifugo, namuuzia mtu dawa ya kupe. Simu ikalia, nikaona jina lako, nikapokea nikicheka. Akasema, "Mimi si Rehema. Rehema tumemzika jana." Nikamalizana na yule mteja, nikamrudishia chenji yake. Sijui kwa nini nakuambia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tumefanya kazi pamoja muda wote huu na sikuwahi kukushika mkono. Wewe na vijana wako Morogoro, mimi na wangu hapa Kimumu, Kenya, wale wengine kule Mbale, kila kundi na mto wake, Jumamosi moja kwa mwezi, simu zimewashwa ili tuonane tukitoa uchafu. Wewe kila mara ulikuwa umekalia ndoo, unaelekeza watu kwa fimbo. Huku tulikuita Bosi. Mwanaidi ndiye alinieleza kwamba ulikuwa na ugonjwa wa damu wa selimundu tangu utotoni, na ukiingia maji baridi unaamkia hospitali. Hukutuambia. Nilikasirika kidogo. Halafu nikaona hata mimi nisingesema. Tungekuambia ukapumzike.

Jumamosi ya kwanza bila wewe, hakuna aliyepiga simu. Tulishuka mtoni, tukakaa ukingoni na gambuti zetu miguuni, tukingoja. Watu wa Mbale wakaandika kwamba wanaacha kwanza. Kiprop wetu akasema hata sisi twende nyumbani. Tukaenda.

Unamkumbuka Mama Wambui, mwenye ile ploti ya karibu na mto, ambaye wapangaji wake walikuwa wakitupa daipa za watoto majini? Uliniambia, "Usiwagombeze, Nekesa. Waulize wana pa kutupa? Na ukienda kwa mama mwenye nyumba sema 'naomba', achana na hiyo 'leta' yenu ya Kenya." Nikaenda, nikamwambia ni wewe umenituma, nikaomba kona tuweke mapipa. Akaniuliza, "Huyo msichana wako wa Tanzania ndiye atakaa na hiyo harufu?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa.

Sasa, wiki chache baada ya msiba nilienda dukani kwa Mama Wambui kununua mkate. Akauliza, "Yule wa Kiswahili kizuri, mbona siku hizi simsikii kwa simu yako?" Kumbe siku zote alikuwa akitusikiliza. Nikamwambia umekufa. Akaweka mkate kwa kaunta, akakaa.

"Alikuwa msichana wa miaka mingapi?"

"Ishirini na minne, Mama."

Alifunga duka mchana huo, tukazunguka nyuma ya ploti, akanionyesha kwa mguu. "Hapa. Na mkichelewa kuyamwaga mapipa yenu, nitayatoa barabarani."

Mapipa yako hapo. Mvua ikinyesha uchafu bado unashuka kutoka juu, siwezi kukudanganya. Lakini daipa zimepungua, na wapangaji wawili wanashuka na sisi.

Mwezi uliopita nilipiga mimi. Nilisema "Haya, Morogoro mko wapi?" kama ulivyokuwa unatuita sisi, kisha nikageukia pembeni. Kiprop akachukua simu, akaongea upuzi mpaka nikawa sawa. Mwanaidi akatokea upande wenu, ameingia majini hadi magotini, vijana wako wote nyuma yake. Mbale hawajarudi. Nawapigia kila wiki, na sitaacha.

Pumzika, Rehema. Mama yako amenialika, na nimeshaomba likizo ya Desemba. Nitakuja kwa basi kupitia mpaka wa Namanga. Nitakaa naye nimsimulie vile ulivyokuwa ukitutuma, maana anasema nyumbani ulikuwa mtu wa kunyamaza. Halafu Jumamosi yetu ya mwezi huo nitaingia kwa mto wenu mimi mwenyewe, na Kimumu wataniangalia kwa simu.

Nekesa